Tofauti si tatizo, angalia zimepangana vipi
Kaka, umeuliza kama kuwachanganya mafundi wazee na vijana wa VETA (vyuo vya ufundi stadi) kwenye karakana yako ya mashua hapo Bagamoyo kutaleta makundi. Inategemea. Watafiti wa timu za kazi, Lau na Murnighan, waliandika mwaka 1998 kwamba timu hupasuka pale tofauti nyingi zinapofuata mstari mmoja: wazee wote wa hapahapa na wote wa mbao, vijana wote wa bara na wote wa injini. Hapo hata chai watakunywa mabenchi mawili. Wachanganye kwenye kazi yenyewe. Mzee na kijana wapime pamoja tundu la shafti ya injini pale tezini (nyuma ya mashua), maana likitobolewa upande, maji yanaingia na kalafati yote ya mzee, ile kazi ya kuziba mianya ya mbao, imekwenda bure. Watabishana (waache wabishane, ndiyo faida yenyewe). Watu wa aina moja huelewana haraka, ila kosa hulipitisha kwa pamoja bila mtu kushtuka. Mwanzoni kazi itachelewa kidogo, mwambie mteja mapema. Na ujira, tafadhali: wakilipwa tofauti bila sababu inayoeleweka, watanuniana tu hata uwapange vipi.