Usikimbilie kuhama kanisa

Mdogo wangu wa Chumbageni, Tanga, umeuliza ufanyeje: umekulia Anglikana, halafu umesoma habari za Wakweka (Quakers), dhehebu la Kikristo, ukakuta ndivyo unavyoamini siku zote, kwamba Mungu husema na mtu moyoni bila kasisi katikati, na kwamba vita haina baraka.

Kwanza, si wageni kwetu. Chanzo chao ni Uingereza, karne ya 17, lakini mwaka 1897 walifungua misheni hapo Pemba kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Kenya wanaitwa Marafiki, na ndiko walikojaa kuliko nchi yoyote.

Ila ukipanda basi mpaka Kaimosi, magharibi mwa Kenya, walikoingia 1902, ukitegemea ibada ya kimya, utashangaa: kuna mchungaji, kwaya na mahubiri ya kutosha! Ule ukimya uliosoma ni wa Uingereza zaidi.

Ningekuwa wewe, ningeanza ufukweni Raskazone, Jumapili alfajiri, simu imezimwa, saa nzima. Dakika kumi za kwanza utawaza luku ya umeme tu. Vumilia. Baadaye tafuta wenzio wawili watatu, maana kimya chao hukaliwa pamoja, na anayesukumwa moyoni husimama akasema.

Mama usimwambie "nimehama". Mwambie unakaa kimya unasali, basi. Akisikia dini mpya, kabla ya magharibi shangazi wa Muheza ameshapiga simu. Na kwaya usiache, sauti za besi hazipatikani hovyo.