Michezo ya video ya kuchezwa kwa mwendo wa mkono

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kuwanunulia wanangu michezo ya video inayochezwa kwa kupunga mkono badala ya kubonyeza vitufe. Je, ni bora kuliko ile ya kawaida?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, faida yake kubwa ni kwamba haimwachi nje mgeni. Nintendo ilipotoa Wii, mashine yake ya michezo ya video, mwaka 2006, hata bibi asiyewahi kucheza michezo ya video aliweza kushindana na mjukuu wake katika tenisi, kwa kuwa alipunga mkono kama anayepiga mpira. Udhaifu ulikuwa katika usahihi: kidhibiti chake, yaani kile kifaa kinachoshikwa mkononi, kilihisi mwendo kwa kupima mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika), hivyo mchezaji aligundua upesi kwamba kutikisa kiganja akiwa ameketi kulitosha, na ndiyo maana mwaka 2009 kiliongezewa kifaa chenye jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, ili kitambue mzunguko wa mkono. Kinect ya Microsoft, kamera ya mwaka 2010 iliyofuata mwendo wa mwili mzima, ilidai nafasi ya takriban mita 2 mbele ya kamera, nafasi ambayo sebule nyingi hazina.

Kwa maoni yangu, mwendo mdogo ndio wenye manufaa zaidi, hasa katika kulenga shabaha, ambapo kijiti cha kidhibiti, kinachosukumwa kwa kidole gumba, hukufikisha karibu na shabaha, kisha kuinamisha kidhibiti kidogo tu hukamilisha. Mwendo mkubwa huchosha bega, na humnyima nafasi mtoto mwenye ulemavu wa mikono. Chagua, basi, michezo inayoruhusu kuzima mwendo huo, na uhakikishe wanao wanafunga ule mkanda wa kidhibiti unaovaliwa kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuanza kucheza.