Maswali na Majibu: Hata Yona Alilala Usingizi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: Mkristo anapataje amani ya moyo huku maisha yakimwendea mbio? Nimechagua chache. Wengine nimewajibu kwa sentensi mbili tatu. Msione nimewadharau, hakuna la kuongeza.

Mwalimu, naomba mstari mmoja tu wa Biblia niwe nausoma kila asubuhi nipate amani.

Swali hili tena! Najua mnachotaka: Wafilipi 4:7, ule wa "amani ya Mungu, ipitayo akili zote". Mnaubandika ukutani, mnauweka kwenye simu, kisha mnaniandikia kwamba moyo bado unachafuka. Mstari si kidonge.

Rudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo, mstari wa 2. Paulo anawasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wawe na nia moja. Hawa walikuwa wameishindania Injili pamoja naye, na habari za kutoelewana kwao zilikuwa zimemfikia hadi kifungoni. Sasa songa mbele hadi wa 9: "yatendeni hayo, na Mungu wa amani atakuwa pamoja nanyi." Ahadi mnayoipenda imewekwa kati ya ugomvi unaotakiwa kuisha na mambo yanayotakiwa kutendwa, nanyi mnaichomoa peke yake kama nyama kwenye mchuzi. Sura ina mistari 23 tu. Isome yote, kisha ujiulize Sintike wako ni nani.

Nasali kila usiku, lakini ikifika saa nane nimeshaamka, na mawazo yananizunguka hadi alfajiri: ada za watoto, kazi, ugonjwa wa mama. Mzee mmoja wa kanisa kaniambia imani yangu ni haba. Ni kweli?

Huyo mzee akasome Wakorintho wa Pili. Paulo yuleyule aliyeandika "msijisumbue kwa neno lo lote" anasimulia katika sura ya 2 kwamba alifika Troa, akafunguliwa mlango wa kuhubiri, naye akashindwa kutulia kwa sababu hakumkuta Tito. Akaaga, akaondoka. Ukifika sura ya 7 utamkuta Makedonia, anasema nje palikuwa na vita na ndani hofu. Na faraja ilipokuja, haikuja kwa maono wala kwa sauti kutoka mbinguni. Anasema mwenyewe kwamba Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito. Mtu alibisha hodi, basi. Kama hiyo ni imani haba, sijui mzee wako anaipima kwa kipimo gani.

Kisha yupo Eliya, 1 Wafalme 19. Siku chache baada ya kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli yuko chini ya mti jangwani anaomba afe. Hakukemewa wala hakuhubiriwa. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Maswali magumu ya Mungu yalimsubiri hadi mlima Horebu. Aliyechoka alihudumiwa kwanza kama mtu aliyechoka, jambo ambalo viongozi wetu wengi wa maombi hawajawahi kulifikiria.

Sasa wewe. Weka kalamu na karatasi kando ya kitanda. Wazo likija saa nane, liandike mpaka liwe sentensi kamili. Usiandike "ada", andika "Jumatatu nimwone mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu". Linalowezekana lipe siku yake. Lisilo mikononi mwako, kama ugonjwa wa mama, lisemee mbele za Mungu kwa sauti, umtaje mama kwa jina, kisha lipigie mstari. Yesu hakusema kesho haina taabu. Alisema kila siku ina za kwake, za kutosha, kwa hiyo usizibebe za kesho usiku huu. Na simu ilale chumba kingine. Mnasema mnakesha katika maombi, kumbe nusu ya mkesha mnatazama picha za harusi za watu.

Usingizi ukiwa umepotea kwa majuma kadhaa, nenda hospitali. Na kama umeanza kutamani kufa, mwambie mtu leo hii, uende ukapate msaada leo, na usibaki peke yako. Hili halisubiri ibada ya Jumapili.

Je, ni dhambi Mkristo kutumia dawa za wasiwasi alizoandikiwa na daktari?

Si dhambi. Luka alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa. Wala usiache dawa ghafla eti kwa sababu umeombewa. Mwenye kukupunguzia dozi ni aliyekuandikia.

Mtumishi mmoja anasema sina amani kwa sababu sijapanda mbegu. Ametaja na kiasi.

Usitoe. Mpelekee Matendo 8:20, Petro akimwambia aliyetaka kununua karama ya Mungu kwamba fedha yake ipotelee mbali naye, uangalie uso wake akisoma.

Nina uhusiano na mtu mwenye ndoa yake. Usinihukumu haraka. Nimefunga, nimeomba, na nina amani kabisa moyoni. Je, hiyo si ishara kwamba Mungu amekubali?

Dada yangu, katika Biblia kuna watu wawili waliolala ndani ya chombo dhoruba ikivuma. Mmoja ni Yesu, Marko 4, kichwa juu ya mto, wanafunzi wakipiga kelele kwamba wanaangamia. Mwingine ni Yona. Mabaharia wanatupa shehena baharini, kila mmoja akimlilia mungu wake, naye ameshuka chini kabisa ya merikebu, usingizi umemshika. Na huyu alikuwa anamkimbia Mungu, nauli ameshalipa!

Kwa hiyo usingizi peke yake hauthibitishi kitu. Utulivu wa moyo unaweza kutoka kwa Mungu. Unaweza pia kutoka kwenye mazoea, au kwenye uchovu wa kubishana na dhamiri hadi ikanyamaza. Mwenye kuutofautisha ni Neno, na Neno halikuacha pengo katika habari za ndoa ya mtu. Hukuhitaji kufunga ili ujue hilo. Nadhani ulifunga ukitumaini jibu lingine.

Na hapa nawageukia wengine wote. Huu msemo wa "nina amani nalo" umekuwa muhuri wa kugongea kila kitu. Kijana anaacha kazi bila kuaga, ana amani nalo. Kiongozi anavunja ahadi, ana amani nalo. Wadeni wenu wanasema hivyohivyo, na mnajua mnavyokasirika. Ukitaka kuupima utulivu wako, mpe mtu atakayeumia kwa uamuzi huo nafasi ya kuusikia. Wewe dada, mwenye haki ya kwanza ya kuulizwa kuhusu amani hiyo ni mke wake. Umeshamfikiria akiisoma barua yako? Toka humo. Utalia, na kwa muda amani unayoisema itakukimbia, lakini Yona naye alipata akili akiwa majini.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu. Nilichukua fedha za kikundi wakati wa shida, hakuna aliyegundua. Nimetubu kwa machozi, tena zaidi ya mara moja, lakini sipati amani. Kwa nini Mungu hanisamehi?

Kwenye karatasi yako uliandika "niliiba", ukalikata neno hilo kwa wino mwingi, ukaandika juu yake "nilichukua". Amani yako imekwama hapo.

Hukukosa machozi. Umekosa kurudisha. Torati, Hesabu 5:7, inamtaka mkosaji aungame, arudishe kitu chote, aongeze na sehemu ya tano yake, ampe yule aliyemkosea. Zakayo alivuka hata hapo, akaahidi mara nne. Yesu alimpokea akingali mtoza ushuru mwenye mali za watu, akaingia nyumbani kwake, na kukaribishwa huko ndiko kulikomfungua mkono. Kwa hiyo usinielewe vibaya: msamaha haununuliwi kwa kulipa. Lakini aliyesamehewa hakai juu ya fedha za watu akisubiri hisia zibadilike. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la siri ni vilevile.

Piga hesabu kamili, iandike. Andika na mpango wa malipo unaoweza kuutimiza, usiahidi makubwa. Nenda kwa mwenyekiti kabla hajakuja kwako, umwambie kwa maneno yale uliyoyakata. Jiandae kuvuliwa uhazina, na ukivuliwa usilalamike kwamba wapendwa hawasamehi. Kusamehe mtu na kumrudishia ufunguo wa sanduku ni mambo mawili.

Mume wangu ananipiga. Nilipowaambia wazee wa kanisa walisema nivumilie kwa ajili ya amani ya nyumba. Nifanye nini?

Ondoka mahali unapopigwa, wewe na watoto, leo kama inawezekana. Nenda kwa ndugu au rafiki unayemwamini, ukatibiwe, ukatoe taarifa polisi. Usimtangazie mume kwamba unaondoka. Huo ndio wakati ambao wanawake wengi huumizwa zaidi.

Sasa kwa wazee hao. Hiyo mnayoiita amani ya nyumba ni funika kombe mwanaharamu apite. Yeremia aliwaona watu wa namna yenu, walioponya jeraha la watu juu-juu tu wakisema amani, amani, wala hapana amani. Nanyi mnaopenda kumtupia mwanamke Warumi 12:18, msiumeze mwanzo wake. Unaanza na "kama yamkini, kwa upande wenu". Kuna amani isiyowezekana kwa upande mmoja, na Paulo alilijua hilo, kwani yeye mwenyewe aliwahi kuteremshwa ndani ya kapu ukutani Dameski ili asikamatwe. Sijasikia mahubiri yanayosema angebaki avumilie.

Daudi naye alitoroka dirishani usiku, mke wake Mikali akimsaidia, baada ya mfalme Sauli kumtupia mkuki. Baadaye alimpata Sauli amelala akamwachia uhai, akamsamehe kuliko wengi wetu tunavyoweza. Sauli akakiri amekosa, akamwambia rudi mwanangu, sitakudhuru tena. Daudi akamrudishia mkuki wake, akaenda zake. Dada, kusamehe kupo, na kutakuwa na wakati wake. Kukaa tena pale mkuki unapofika ni habari nyingine, wala hakuna mzee mwenye mamlaka ya kukuagiza hivyo.

Shemeji yangu amenikosea na haombi radhi. Siwezi kutoa sadaka yangu mpaka tupatane, sivyo?

Umeisoma Mathayo 5:23 kinyume, kama wengi. Inamhusu yule anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu *yake*. Kwa hiyo swali ni kama shemeji naye ana la kukudai. Barua yako ina kurasa tatu za makosa yake na hakuna hata mstari mmoja wa kwako, nami sijakutana na ugomvi wa namna hiyo. Sadaka toa.

Baba yangu alifariki kabla hatujapatana. Sikwenda hata kumwona hospitali. Watu wananiambia yaliyopita si ndwele. Nitapata wapi amani na mtu asiyekuwepo?

Wanaokuambia hivyo wanataka uache kulia mbele yao.

Sitakupa maneno mepesi. Kuna jambo umelikosa ambalo halirudi, na imani ya Kikristo haikutaki ujifanye limerudi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku, na inaishia gizani bila shukrani yoyote. Waliokusanya Zaburi hawakuitupa wala hawakuiongezea mwisho mzuri. Isome kwa sauti siku ambazo huna maneno, na usilazimishwe na mtu kuruka kwenda ile ya 23.

Yale uliyotaka kumwambia baba, mwambie Mungu kama yalivyo, na hasira zake. Usiyapambe. Alikukosea, umeeleza jinsi. Kufa kwake hakukufanyi wewe uwe mwongo. Nawe ulimkosea kwa kutokwenda, na hilo nalo liungame kwa jina lake, mara moja, ukiamini kwamba limesikika. Kuliungama kila usiku hakuongezi kitu. Huenda ukahitaji kulisema mbele ya mtu pia, mchungaji au padri wako, au mshauri aliyesomea kazi hiyo.

Umetaja shangazi yako, dada yake baba, aliyemuuguza hadi mwisho, na kwamba tangu mazishi hapokei simu zako. Kwa baba umechelewa. Kwa huyu bado. Usimpelekee maelezo ya kwa nini hukwenda hospitali. Mwambie hukwenda, na kwamba alibeba peke yake mzigo uliokuwa pia wako. Ana madeni ya matibabu? Uliza, ushike sehemu. Mpigie tena wiki hii, na asipopokea, nenda.