Jibu: Je, "count" na "compute" zina asili moja?

Mkuu, umeuliza kama "count" (kuhesabu) na "compute" (kukokotoa) za Kiingereza zina asili moja. Ndiyo, zote ni watoto wa "computare" ya Kilatini. "Compute" ilibaki karibu na umbo la Kilatini. "Count" ilipitia Kifaransa cha kale, ikarudi imekondeana. Utamu uko kwenye "putare" iliyomo ndani. Mrumi alilitumia kwa kupogoa mizabibu, kisha kunyoosha mahesabu, mwishowe kudhani na kufikiri. "Amputate" (kukata kiungo cha mwili) ndiyo iliyobaki na kisu mkononi! "Calculate" (kupiga hesabu) nayo imetoka kwenye kijiwe cha kuhesabia, "calculus". Na yule "teller" wa benki hakusimulii kitu: "tell", ambayo leo ni kusimulia, zamani ilimaanisha pia kuhesabu.