Gari la dhahabu katika kasha la ami

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Katika kasha la marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, tumekuta kigari cha kuchezea cha madini, kizito kwa umbo lake, kinachozidi kidogo urefu wa kidole changu cha kati. Rangi yake ni ya dhahabu, na chini ya tumbo kimeandikwa Corgi Toys na Aston Martin. Ubavuni kina kitufe kilichokwama, na pembeni kimeota unga mweupe. Rafiki yangu anasema kuwa gari kama hili la James Bond, yule jasusi wa filamu, lilikuwa la rangi ya fedha, kwa hiyo hiki ni cha bandia, na amenishauri nikipige msasa nikipake rangi upya. Ninakusudia kukiweka katika kidaka cha ukutani pale ukumbini, ingawa mwanangu wa miaka minne anakililia. Nifanyeje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. La kwanza ninalokuomba ni kwamba msasa usikiguse kigari hicho hata mara moja. Rafiki yako amesema kweli kuhusu filamu, kwani gari lililoonekana katika Goldfinger mwaka 1964 lilikuwa la rangi ya fedha. Lakini kigari cha kwanza ambacho Corgi walikitoa mwaka 1965, chenye namba 261, kilipakwa dhahabu kwa makusudi, kwa sababu rangi ya fedha ingefanana mno na madini matupu ambayo hayajapakwa chochote. Viliuzwa zaidi ya milioni 2. Cha rangi ya fedha kilifuata mwaka 1968, kikapewa namba 270 na kuongezewa vibao vya namba vinavyozunguka. Kwa hiyo ile dhahabu iliyomtia shaka rafiki yako ni ushahidi wa upande wako.

Hata hivyo, dhahabu peke yake haitoshi, maana kigari hiki kimetolewa tena miaka ya baadaye kwa kumbukumbu. Kigeuze ukisome tumbo lake. Vile vya awali vilitengenezwa katika kiwanda cha Mettoy, kampuni iliyomiliki jina la Corgi, huko Swansea, Wales, na vimeandikwa kuwa vimetengenezwa Uingereza, ilhali vile vya kumbukumbu vya miaka ya karibuni vimetengenezwa China.

Sasa niuzungumzie huo unga mweupe, ambao ndio ulionishughulisha zaidi katika barua yako. Bodi ya vigari hivi haikuwa ya chuma. Ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, ikayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Vigari vingi vya kabla ya Vita Vikuu vya Pili vilichanganyika na madini ya risasi kidogo, na unyevu ukiviingia hupasuka vyenyewe kutoka ndani, wala hakuna dawa ya kuvirudisha. Cha ami yako ni cha zama ambazo zinki iliyotumika ilikuwa safi zaidi, kwa hivyo ikiwa huoni nyufa wala uvimbe, unga huo ni kutu ya juu iliyoletwa na hewa ya chumvi mahali rangi ilipochubuka. Ufute kwa brashi laini iliyo kavu, kisha kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu, ukikaushe papo hapo. Ninajua kwamba katika nyumba zetu dele la kahawa la shaba husuguliwa kwa ndimu au ukwaju hadi liwake. Kwa zinki usifanye hivyo, kwa kuwa asidi huila.

Kitufe kilichokwama usikilazimishe. Ndani yake mna springi ya chuma, na hiyo ndiyo inayoshika kutu nyekundu. Chovya ncha ya kijiti cha meno katika mafuta ya cherehani, udondoshee tone moja kwenye ufa wa kitufe, ukiache usiku kucha, kisha ukibonyeze taratibu. Kikikubali, utaona paa dogo likifunguka ghafla na kiti cha abiria kikiruka, kikimrusha nje jambazi wa plastiki aliyeketi juu yake, na ninakuhakikishia kwamba hata mtu mzima hutaka kubonyeza mara ya pili. Ukibonyeza mabomba ya moshi, ngao ya kuzuia risasi huinuka nyuma.

Kuhusu kidaka, nina wasiwasi. Kuta zetu za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa pamoja na chumvi yake, hasa nyakati za mvua za masika, na kigari kitakachogusa chokaa ile kitaota unga upya. Kitie kwanza ndani ya kisanduku cha kioo chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana katika masanduku ya viatu vipya, ndipo ukiweke kidakani mbali na jua.

Mtoto asipewe. Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na jambazi yule anaingia kinywani bila taabu. Mnunulie kigari kipya cha madukani kinachofaa umri wake, na hiki cha ami yako akitazame kioo kikiwa kimefungwa.

Hukutaja kama jambazi bado yumo. Kiwandani, kila sanduku lilitiwa jambazi wa akiba pamoja na bahasha ya maelekezo ya siri, na vitu hivyo viwili ndivyo ambavyo wakusanyaji huvitafuta zaidi kwa kuwa vilipotea mapema. Kabla hujalifunga kasha, likung'ute juu ya shuka nyeupe, utazame pembe zake zote.