Seiko 5 ya marehemu mzee: itengeneze, uso usiguswe

Mkuu, pole sana kwa msiba. Umeuliza kama saa aliyokuachia mzee, inayosimama kila usiku, uitengeneze au uiuze ununue ya betri. Itengeneze.

Kwanza ijaribu. Seiko 5 nyingi za zamani hazijazwi kwa kuzungusha kitufe cha pembeni. Ndani mna kipande kizito cha nusu duara; ukichezesha mkono kinazunguka na kukaza springi. Ukishinda nayo kutwa nzima, inatakiwa itembee usiku kucha, maana ikijaa vizuri hufikisha kama saa 40. Kama unaivaa hivyo na bado inasimama, mara nyingi mafuta ya ndani yamekauka. Tafuta fundi wa kufungua mashine yote, kuiosha na kuitia mafuta upya, si wa kupuliza vumbi tu.

Hapa simama imara: asibadilishe uso wa saa, yaani kioo na bamba la namba lililo chini yake. Watakushawishi wakuwekee mpya unaong'aa. Umesema mzee aliivaa hata akipakia viazi Uyole. Basi ile mikwaruzo ya kwenye kioo na rangi iliyogeuka kahawia pembeni ni mkono wake mwenyewe, na hakuna duka litakalokuuzia hiyo. Mkanda badilisha tu.

Tarehe usiisogeze kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, meno ya gia za ndani yanaweza kuvunjika. Na kwa baridi hii ya Mbeya, ukiona ukungu ndani ya kioo usiianike jikoni. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo, kabla kutu haijaanza.