Mguu kuvutika si dalili ya kupona: ukifinya kidole, tazama kichwa

Mkuu, achana na hizo wiki 2 ulizosema utasubiri kabla ya kumpeleka mbwa kwa daktari. Umeandika kwamba mbwa wako, Dachshund wa miaka 5, anaburuta miguu ya nyuma tangu jana asubuhi, kwamba ukimfinya kidole mguu unavutika, na kwamba jirani yako amekuhakikishia kuwa mguu unaovutika ni mguu unaopona. Sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma mara 3 na kila mara tumbo limenisokota, kwa sababu nami niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini, na yakanila siku 9.

Sehemu ya kosa langu ilitokana na lugha yetu yenyewe. Tunasema "uti wa mgongo" tukimaanisha mifupa, na tunasema hivyo hivyo tukimaanisha kile kilichomo ndani ya mifupa. Mbwa ana pingili 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno na 3 zilizoungana kwenye nyonga, kabla ya zile za mkia. Katikati ya pingili hizo umepita ugwe wa mgongo, ambao kwa mbwa wa saizi ya wako ni mwembamba kuliko kidole chako kidogo. Sehemu yake ya nje ni nyeupe, nayo ni nyuzi zinazopandisha habari kwenda kwenye ubongo na kuteremsha amri. Sehemu ya ndani ni ya kijivu, ina umbo la kipepeo, na humo mna seli za neva zinazoweza kuamua mambo madogo papo hapo bila kumuuliza mkubwa yeyote.

Hapo kwenye "bila kumuuliza mkubwa" ndipo nilipoangukia. Ukifinya kidole cha nyuma, habari huingia kwenye ugwe kwa upande wa mgongoni, hupita kwenye ile sehemu ya kijivu, kisha amri hutoka kwa upande wa tumboni na misuli ikauvuta mguu. Mzunguko huo wote, ambao ndio rifleksi, hukamilika kwenye kiuno. Diski ya Dachshund, yaani mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ambayo kiini chake hukakamaa mapema katika ukoo huo wa miguu mifupi, mara nyingi hupasuka pale kifua kinapokutana na kiuno, yaani mbele ya mzunguko huo. Kwa hiyo njia ya kwenda kwenye ubongo inaweza kuwa imekatika kabisa, na mguu ukaendelea kuvutika vizuri tu, kama vile balozi wa nyumba kumi anavyoweza kuendelea kusuluhisha ugomvi wa mtaa wakati simu ya makao makuu imekufa. Sote tumemwona kuku aliyekatwa kichwa akirusha miguu uani, na sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba kuku yule anapata nafuu. Mimi nimechinja kuku tangu nikiwa na miaka 12, na bado sikuunganisha mambo hayo mawili.

Siku ya kwanza nilipomfinya mbwa wangu, aligeuka, akalia, na nusura aning'ate. Nikampeleka kwenye duka la dawa za mifugo, na bwana wa pale, akiwa ndani ya koti jeupe, akamfinya, akaona mguu umevutika, akatangaza kwamba mishipa ya fahamu iko hai na kwamba kilichobaki ni mazoezi. Akaniagiza nimning'inize kiuno kwa khanga na kumtembeza asubuhi na jioni. Nilifanya hivyo kwa utiifu ambao mama yangu mzazi hajawahi kuupata kutoka kwangu. Kumbe mbwa ambaye diski yake imepasuka jana anatakiwa kufungiwa mahali padogo asijipinde wala kuruka, kwa kuwa kila mtikisiko unaweza kuusukuma uchafu zaidi wa diski ile dhidi ya ugwe uliokwisha kubanwa.

Siku ya 4 nilimfinya tena. Mguu uliruka kwa nguvu kuliko siku ya kwanza, naye mwenyewe akaendelea kumtazama paka wa jirani kana kwamba mguu ule si wake. Nilifurahi mno. Nilimpigia mke wangu simu kazini kumweleza kwamba maumivu yamekwisha na nguvu zimerudi, na sidhani kama nimewahi kupiga simu ya kijinga kuliko hiyo, ingawa niliwahi kumpigia mganga kuhusu gari lililogoma kuwaka. Kilichokuwa kimetokea ni kinyume kabisa: mguu uliruka zaidi kwa sababu ubongo, ambao kwa kawaida huzituliza rifleksi hizo, haukuwa tena na njia ya kufika huko chini, na yeye hakulia kwa sababu uchungu haukuwa tena na njia ya kufika juu.

Siku ya 9 daktari wa kweli alikibana kidole kwa koleo. Mguu ukaruka, mbwa akaendelea kulamba mkono wangu. "Mguu umejibu," akasema, "mbwa hajajibu." Akanieleza kwamba ugwe unapobanwa, mbwa hupoteza kwanza habari ya mahali miguu ilipo, ndipo anaanza kuyumba na kukunja nyayo, kisha hupoteza uwezo wa kuitembeza kwa hiari, na uchungu wa ndani, wa kwenye mfupa, ndio huondoka mwisho. Mbwa anayefanyiwa upasuaji wakati bado anausikia uchungu huo, takriban 9 kati ya 10 hutembea tena. Akisha kuupoteza, hubaki kama nusu, na siku nilizotumia kwenye khanga hazikutusaidia.

Simlaumu yule bwana wa duka kwa kutojua, maana hata mimi sikujua. Namlaumu kwa kutojua huku akijiamini, tena kwa bei ya ushauri. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alichunguza mbwa waliokatwa ugwe shingoni na kuwakuta bado wanajikuna kwa mguu wa nyuma wakitekenywa ubavuni. Jambo hili lina zaidi ya miaka 100, na bado linauzwa mtaani kama habari njema.

Sasa fanya hivi. Mfunge mdomo kwa kitambaa, mtu mmoja amshike kifua, wewe minya mfupa wa kidole kwa nguvu, mguu mmoja kisha mwingine, na usiuangalie mguu kabisa. Tazama kichwa: je, anageuka, analia, anatanua macho, anajaribu kuuma? Hata mkia usikudanganye, kwa sababu mkia unaotikisika ukimgusa nyuma unaweza kuwa rifleksi tu, ilhali mkia unaotikisika ukimwita jina ni ubongo unaozungumza. Kichwa kikigeuka, ujue bado yuko kwenye wale 9 kati ya 10, na hiyo ndiyo sababu ya kuondoka leo kwenda kwa daktari wa mifugo. Kisipogeuka, ondoka sasa hivi.

Kigari cha kubebea miguu ya nyuma, ulichouliza bei yake, usikinunue bado; cha kwangu nimeshakibadilisha matairi mara 2. Mweke ndani ya boksi, mbebe akiwa amelala juu ya ubao, na ukishamfinya rudi hapa uandike kichwa kilifanya nini.